Mji wa Maboksi ya Dawa

Mimi ni msusi, na msusi hana siri. Ukikaa kwenye kiti changu mpaka nimalize kichwa chako, utakuwa umeshajua nani kaachana na nani, na maoni yangu juu yake nakupa bure. Kwa hiyo nikisema mdogo wangu alinichosha na ule mchezo wake wa karatasi, simsengenyi. Nimeshamwambia usoni, tena mbele ya wateja.

Mdogo wangu anauza dawa katika duka la dawa, na tunaishi pamoja katika vyumba vya nyuma ya saluni yangu. Wenzake wa mchezo wanamwita Mkasi. Kila jioni anarudi na mfuko wa maboksi matupu ya dawa: ya kikohozi, ya minyoo, ya presha. Anayafungua, anayalaza, anayageuza upande mweupe, halafu anakata. Kabla ya kukunja anapitisha kalamu iliyokwisha wino kwenye mstari, ili kunjo lisimame wima. Kubana gundi mpaka ikauke anatumia vibanio vyangu vya nywele. Kuzuia unyevu anapulizia dawa yangu ya nywele. Mteja amekaa na nusu ya kichwa imechanwa, mimi natafuta vibanio, kumbe vimeng'ata ukuta wa ngome chumbani kwa mwanamke mzima.

"Kazi mbaya si mchezo mwema," nilimwambia siku moja.

"Ungeona kwanza," akasema.

"Nione nini? Makaratasi?"

Akacheka tu. Mkasi hana hasira, hasira zote za familia yetu nimezirithi mimi.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni huu. Watu wazima wenye akili zao wanakaa kuzunguka meza kila Jumapili mchana. Kila mmoja ana shujaa wake wa karatasi, mrefu kama kifundo cha kidole gumba. Mkasi ndiye mtambaji, yaani anaeleza hadithi: mvua imeanza, daraja limekatika, adui huyo anakuja. Wenzake wanasema mashujaa wao wanafanya nini, kete inarushwa, na kete ndiyo inayoamua kama wameweza. Hakuna kombe wala zawadi. Wakimaliza wanakunywa chai yangu na kusema "ilikuwa nzuri", kama watu waliotoka harusini.

Lakini wana kanuni moja ambayo nadhani ni yao peke yao duniani. Kilichobomoka kwenye hadithi kinabomolewa mezani. Mnara ukianguka, aliyeujenga anauchana kwa mikono yake mwenyewe, hapo hapo, wenzake wakitazama. Na anayejenga kila kitu ni Mkasi. Na aliyetunga kanuni hiyo ni Mkasi.

"Una wazimu," nilimwambia.

"Bila hofu hakuna mchezo, Dada."

Sasa, kwa miezi mingi alikuwa anajenga kitu kimoja tu, kikubwa, amekifunika shuka, na mtu haruhusiwi kuingia chumbani kwake. Alikonda. Akawa anakula amesimama. Wenzake walijua jambo moja tu: ni mji, na Jumapili moja Jitu litaushambulia. Jitu likifika juu ya mji, mji wote unachanwa. Wakilizuia, unabaki. Hapo nilianza kupata wasiwasi, maana mtu aliyemwaga nusu ya mwaka wake kwenye kitu kisha akakiweka chini ya kete, huyo anatafuta kuumia.

Jumapili yenyewe ikafika, na mchezaji wao mmoja, dereva wa lori, akawa ametumwa safari. Ikabidi mtu akae mahali pake. Unadhani walimtazama nani?

"Mimi sichezi na watoto," nikasema.

"Kaa tu, utusaidie," akasema Fundi Saa. Huyu ni mtu wa makamo anayetengeneza saa, hasemi sana, na miwani yake ameifunga kwa uzi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mchezaji mwingine alikuwa Mwalimu, mwanamke anayefundisha hesabu, na hata akinywa chai unaona anaihesabu. Akanisogezea shujaa wa dereva, mwanamke wa karatasi mwenye koti jekundu. Simu yangu ikalia hapo hapo. Dereva ameandika: "Dada, nakuomba, usimuue mtu wangu." Nikajibu kwamba nitajitahidi, ila sina uzoefu.

Mkasi akavuta shuka.

Jamani. Mimi macho yangu yamezoea vitu vizuri, nimeshatengeneza mabibi harusi mpaka mama zao wakashindwa kuwatambua. Lakini mdomo ulibaki wazi. Mji ulipanda kutoka ukingo huu wa meza mpaka ule, juu ya kilima cha trei za mayai, nyumba juu ya nyumba, kichochoro kinapinda katikati. Mapaa ya mabati, yenye mikunjo ya kweli, nikayagusa: ni boksi la katoni lililobanduliwa ngozi ya juu mpaka mawimbi yakatokea, kisha likapakwa maji ya chai iliyokolea, likawa na kutu. Kamba za nguo zilikuwa uzi wangu wa kusukia, na nguo juu yake, suruali, kanga, shati dogo la shule lenye mfuko. Milango ilikuwa na bawaba. Bawaba za karatasi! Nikasukuma mmoja kwa ncha ya kucha, ukafunguka.

"Mkasi," nikasema, halafu sikupata la kuongeza, na watu wanaonijua wanaelewa maana ya hilo.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema. "Usiangalie ukiwa juu."

Nikainama mpaka shavu langu likagusa meza, nikatazama kichochoro kama mtu anayetembea ndani yake. Ngazi ya kwanza imevunjika kona. Nguzo ya umeme imeegemea upande wa kushoto. Kuna dirisha limezibwa kwa ubao, na tenki la maji limekaliwa na tairi ili kifuniko kisipeperuke.

"Huu ni mtaa wetu," nikasema.

"Nani kasema? Cheza," akajibu Mkasi.

Ulikuwa mtaa wetu. Tulizaliwa hapo wote wawili. Ulivunjwa kupisha barabara, asubuhi moja, na leo magari yanapita juu ya jiko letu. Mama tulimtoa ndani sisi wenyewe, mimi nimeshika mkono huu, Mkasi amekamata ule, anavuta nyuma na sisi tunavuta mbele, majirani wanatazama. Tulihamia kwenye chumba cha kupanga. Alizikwa kabla lami haijakauka. Mimi na Mkasi hatujawahi kulizungumza, hata siku moja, na mimi nazungumza kila kitu.

Mchezo ukaanza. Mkasi akaliweka Jitu chini ya mji, upande wa kisima. Lilikuwa la njano, mabega mapana, na mkono wake mmoja ulikuwa bapa na mpana kama sepetu. Sikuhitaji kuambiwa. Tingatinga lilitokea upande ule ule.

"Jitu linatoka bondeni," akasema Mkasi kwa sauti yake ya kutamba, ambayo sijui huwa anaitoa wapi, nzito, ya mtu mwingine. "Halina haraka. Linajua mji hauna pa kukimbilia."

Fundi Saa akasogeza shujaa wake, akarusha kete, akalipiga Jitu mguuni. Mwalimu naye akapiga. Ikaja zamu yangu.

"Lipige," akasema Mwalimu. "Una mkuki."

Mimi nilikuwa bado nimeinama. "Wamo watu humo?"

"Wapi?"

"Ndani ya nyumba."

"Hayo ni majengo tu, Dada. Kazi yetu ni kulizuia lisifike juu."

"Ahaa. Na hizi nguo zimejianika zenyewe?"

Fundi Saa akaguna. Nikamgeukia Mkasi. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa, lakini masikio yamewaka, na mimi nilimlea, naijua ile rangi ya masikio.

"Gonga uone," akasema.

Nikamsogeza mwanamke wangu wa koti jekundu mpaka mlango wa kwanza. Mkasi akasema nikipata nne au zaidi, nitasikika. Nikarusha, ikaja tano. Mkasi akachukua kibano changu cha nyusi, ambacho nilikuwa nakitafuta tangu mwezi uliopita, akakibana kwenye ukingo wa paa, akalinyanyua.

Ndani mlikuwa na kitanda, na shuka la maua. Ukutani kalenda, ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Meza yenye vikombe, na kila kikombe kina mkono wake. Jiko, ndoo, ndala mbili mlangoni. Na kando ya kitanda ameketi mzee wa karatasi na redio begani.

"Mzee Redio," nikanong'ona. Alikuwa jirani yetu. Alikuwa anasikiliza taarifa ya habari halafu anakuja kutusomea sisi, kwa nyongeza zake.

Mkasi akamtoa kwa kibano, akamsimamisha ukingoni mwa meza, mahali salama.

Fundi Saa, ambaye maisha yake yote anatazama vitu vidogo kwa lenzi, alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Uliweka haya yote ndani," akasema taratibu, "na paa ukaligandisha juu yake? Nani angeyaona?"

"Asingeyaona mtu," akasema Mkasi.

"Nyumba nyingine nazo?"

"Zote."

Subhana! Nyumba zote, na ndani ya kila moja vikombe vyenye mikono. Nilihisi kama niko mahali pa kuvulia viatu.

"Na nyumba ikichanwa kabla hatujagonga?" akauliza Mwalimu.

"Inachanwa na vilivyomo," akasema Mkasi. "Kanuni ni kanuni."

Macho ya Mwalimu yakaenda huku na huku, anapiga hesabu kichwani. Halafu akasema, bila kuficha, maana ndivyo alivyo: "Tukipigana wote watatu, mji unaweza kusimama. Nafasi ni nzuri. Akitoka hata mmoja kwenda kugonga milango, mji unakwenda."

Kila mtu akanitazama. Nilimtazama mdogo wangu. Nilitaka aniambie, kope tu ingetosha: Dada, okoa nyumba, au Dada, okoa watu. Hakunipa. Mtambaji haruhusiwi. Alikuwa amekaa mbele ya mtaa aliojenga kwa nusu ya mwaka, mikono juu ya mapaja, anasubiri sisi ndio tuamue achane nini.

Nikasema, "Nagonga."

"Dada!" Mwalimu akapiga meza, Jitu likatikisika. "Huu mji ni wake! Umeona kazi iliyomo? Unautupa!"

"Na watu ni wa nani?" nikamfokea. "Nimewajua watu hawa wakiwa na miguu! Nyumba itajengwa hata kwa maboksi ya minyoo. Wewe piga Jitu, mimi niache."

Nikagonga. Jitu likapanda, nyumba za chini, ambazo watu wake walishatoka, zikaanguka. Mkasi akainuka. Alizichukua moja moja, akazichana kuanzia ukutani, polepole, na karatasi ile ngumu ilipasuka kwa sauti kavu iliyonifanya nikaze meno. Na kila ukuta ulipofunguka tuliona ndani: kabati lenye kioo, kitanda cha mtoto chenye chandarua cha karatasi ya kifuko cha chai, picha ya harusi. Tunaona, tunashangaa, tayari kimechanika. Sijawahi kuona uzuri wa namna ile, unaokuonyesha sura yake mara moja tu ukiwa unaondoka. Machozi yalinitoka, nami sikujali nani anaona.

Zamu ya Fundi Saa ikafika. Akaliacha Jitu, akamsogeza shujaa wake mpaka mlango wa karibu. "Nagonga," akasema. Akatoka mama mwenye kitambaa kichwani na mapacha wake wawili. Fundi Saa aliwasimamisha ukingoni kwa vidole vyake vya saa, akawageuza kidogo ili watazamane.

Mwalimu alibaki peke yake na Jitu, na alipigana, haki ya Mungu, alipigana kama simba, analichelewesha hatua kwa hatua ili sisi tuwahi. Alikuwa bado amenuna. Lakini kila mlango uliofunguka alikuwa wa kwanza kuinama kutazama. "Yule nani?" anauliza. Namwambia: huyo ndiye aliyekuwa anashona viatu, mkewe alikuwa na sauti, ukimsikia anaita kuku unadhani kuna moto. Huyo alikuwa na baiskeli, hakuna aliyewahi kumwona ameipanda. Mkasi akasema kwa sauti yake mwenyewe, si ile ya kutamba, "Aliipanda mara moja, akaanguka kisimani." Tukacheka, mimi na yeye, macho yetu yakakutana, tukaacha kucheka.

Ukingo wa meza ulijaa watu. Ikabaki nyumba moja, ya juu kabisa, yenye ngazi mbili na dirisha lililozibwa ubao. Jitu lilikuwa chini yake hatua moja. Shujaa wa Mwalimu ameanguka, wa Fundi Saa yuko mbali. Zamu ni yangu.

Nikamweka mwanamke wa koti jekundu mlangoni.

"Nagonga."

Nikarusha, ikaja sita. Mkasi akanyanyua paa.

Nilijua atakuwepo, lakini kujua si kuona. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, miguu imepishana, kanga ya kijani ambayo niliifua mimi mpaka ikapauka. Mkasi alikuwa amempaka hata ule mpauko. Pembeni yake vitanda viwili, changu na cha mdogo wangu, vimetandikwa.

"Amesikia," akasema Mkasi. Sauti ya kutamba ilikuwa inamkatikia. "Lakini hatoki. Anasema, sitoki mimi. Nikitoka, nani atafunga mlango?"

Maneno yale yale. Ndiyo aliyoyasema asubuhi ile, tena na tena, na sisi tukaona anapoteza muda, tukamshika mikono.

"Naweza kumtoa kwa nguvu?" nikauliza.

"Unaweza. Tatu au zaidi. Ni rahisi."

Kete ilikuwa kiganjani. Nikaiweka chini.

"Nataka kuzungumza naye."

"Zungumza."

Basi nikainama, shavu kwenye meza, mdomo karibu na ule mlango mdogo. Nikasahau kama kuna Mwalimu, kama kuna Fundi Saa, nikasahau kwamba mimi ni mtu mzima mwenye saluni.

"Mama," nikasema. "Sisi ni wanao. Hatukuvuti leo. Najua hujachoka na nyumba yako, na najua huyu anayekuja hana haki yoyote juu yake. Lakini majirani wote wako nje, wanakungoja wewe. Mzee Redio yuko pale, ameshaanza kuongeza chumvi. Toka uwaone. Toka kwa miguu yako, Mama, chukua muda wako. Mlango nitaufunga mimi."

Nikashika kete.

"Acha," akasema Mkasi.

"Si lazima nirushe?"

"Hii haihitaji kete."

Mwalimu aliinua kichwa, mtu wa kanuni kuliko kanuni zenyewe, nikadhani atapinga. Fundi Saa akamgusa kiwiko, akanong'ona, "Mtambaji ana haki ya kupitisha jambo bila kete. Miaka yote hajawahi kuitumia." Mwalimu akaitikia kwa kichwa, na mimi nikaona kidevu chake kinacheza.

Mkasi hakutumia kibano. Alifungua mlango kwa kidole, akamtembeza Mama kwa ncha za vidole, kizingiti, ngazi ya kwanza, ngazi ya pili, akimshusha kwenye kichochoro kilichojaa vipande vya karatasi, polepole, kwa mwendo wake hasa, ule wa kupumzisha nyonga kila baada ya hatua kadhaa. Sisi watatu tulimfuata kwa macho. Alipofika ukingoni kati ya majirani zake, Mkasi aliondoa mkono, na Mama akasimama mwenyewe.

Nami nikanyoosha kucha yangu, nikaufunga mlango. Nikaubana mpaka nikasikia karatasi imegusa karatasi.

"Tayari," nikamwambia mdogo wangu.

Akalisogeza Jitu. Kisha tukashika nyumba yetu, yeye upande ule na mimi upande huu, tukaichana pamoja.